Nishani za Jenerali na Majina ya Wapagazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tunduma)



Halmashauri ilipotuagiza tuseme maneno machache juu ya nishani na heshima wapewazo wakuu wa majeshi, tulijiuliza tuanzie wapi, maana majenerali ni wengi na nishani zao ni nyingi. Mwishowe tukaona yafaa tumtaje jenerali aliyepita papa hapa petu, ambaye habari zake zimeandikwa katika vitabu vingi, ili tuone nishani hutoka wapi na humfikia nani. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Neno hilo ni la kweli, walakini leo twataka kuuliza pia habari za vidole vingine vya mkono ule ule.

Jenerali tumtajaye ni Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, katika vita vya 1914 hata 1918. Alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Saarlouis, mwana wa afisa wa jeshi, naye akafanya kazi ya jeshi tangu ujana wake. Alikwenda China mwaka 1900. Mwaka 1904 alikwenda Afrika ya Kusini Magharibi, nchi iitwayo sasa Namibia, akatumika chini ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Katika mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri ya kuwa mambo yaliyotendwa kule yalikuwa mauaji ya kuangamiza taifa zima. Twataja jambo hili mapema, kwa kuwa mtu hawezi kupimwa kwa nusu ya habari zake.

Alifika Dar es Salaam mwezi wa Januari 1914, akiwa luteni kanali. Vita vilipoanza, alilishinda jeshi la Waingereza na Wahindi huko Tanga mwezi wa Novemba 1914, ijapokuwa watu wake walikuwa wachache mno kuliko adui. Tangu siku hiyo jina lake likavuma. Alikuwa na Msalaba wa Chuma, ambao askari wengi wa Ujerumani waliupata. Lakini mwezi wa Novemba 1916 alipewa nishani iliyokuwa kubwa kupita zote kwa afisa wa Prussia, iitwayo Pour le Mérite, msalaba wa rangi ya buluu uliowekwa na Mfalme Frederick wa Pili mwaka 1740. Mwezi wa Oktoba 1917, mwezi ule ule wa mapigano makali ya Mahiwa katika nchi ya Lindi, akaongezewa majani ya mwaloni juu ya nishani ile. Kisha akapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Yeye alikuwa porini, hana posta wala meli, lakini ofisi za Berlin ziliendelea kuandika jina lake katika daftari na kuliongezea heshima.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno, akazunguka huko muda wa miezi kumi. Mwezi wa Septemba 1918 alirudi tena upande huu kwa njia ya Songea, akapita Ubena, na mwisho wa Oktoba jeshi lake likawa Mbozi. Mwanzo wa Novemba lilifika mbele ya boma la Fife, ng'ambo ya mpaka, karibu na Nakonde ya leo. Mtu asimamaye hapa Tunduma na kutazama magharibi atazama upande huo huo. Waingereza wa Fife walikuwa wamekwisha kuchimba mahandaki, kwa hiyo jenerali hakutaka kupoteza watu, akapita akaendelea hata Kasama. Tarehe 13 Novemba alipata habari kwa barua iliyonaswa ya kuwa vita vimekwisha Ulaya. Kesho yake, penye mto Chambeshi, Bwana Hector Croad, hakimu wa wilaya, alimpa habari hiyo rasmi. Natuangalie, ndugu: vita vilivyoanza kwa mizinga vilimalizwa na mtumishi wa serikali mwenye karatasi mkononi.

Tarehe 25 Novemba 1918 jeshi lilitoa silaha zake Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Vitabu vyatupa hesabu yake: Wazungu 155, askari Waafrika 1,168. Hesabu hizo hazitofautiani sana. Lakini ukiuliza wapagazi walikuwa wangapi siku ile, na wanawake na watoto waliofuatana na safari, kitabu kimoja chasema hivi na kingine chasema vile. Wengine husema elfu moja na mia kadha, wengine elfu tatu na zaidi. Hapo ndipo shauri letu la leo linapoanza.

Kwanza tumalize habari za heshima za jenerali. Tarehe 2 Machi 1919 alipita katika lango kuu la Berlin akiwa juu ya farasi, na watu wakamshangilia barabarani. Mwaka 1920 aliwaunga mkono wale waliotaka kuipindua serikali ya nchi yake, akatolewa jeshini. Walakini heshima haikumtoka. Mwaka 1928 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la nchi. Mwaka 1929 alialikwa London kwenye karamu ya wale wale aliopigana nao, akaketi pamoja na Jenerali Smuts, adui yake wa 1916. Mwaka 1939 alipewa cheo cha heshima cha jenerali kamili. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi Tanganyika, na askari wazee wakampokea Dar es Salaam. Alifariki mwezi wa Machi 1964. Barabara na makambi ya askari katika Ujerumani yaliitwa kwa jina lake. Katika karne hii baadhi ya miji imeyaondoa majina hayo. Njia moja ya mji wa Hannover iliyokuwa yake huitwa sasa njia ya Namibia. Hivyo hata heshima iliyochorwa juu ya kibao yaweza kupelekwa tena mbele ya baraza ikahukumiwa upya.

Ndugu wanachama, hatukuja hapa kumtukana mtu aliyekwisha kufa. Ushujaa wake vitani hata maadui zake waliukiri. Lakini sisi ni watu wa ofisi, na kazi yetu ni kuuliza: gharama ya kazi hii ililipwa na nani?

Jeshi haliendi kwa nishani, laenda kwa chakula. Katika nchi hii wakati ule palikuwa na reli mbili tu, ya Tanga na ya Kati, nazo zilikuwa mbali sana na Mbozi. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Ilibaki kichwa na bega la mwanadamu. Mpagazi mmoja huchukua kadiri ya kilo 25, naye mwenyewe hula karibu kilo moja kwa siku. Basi kama amechukua unga, na safari ni ya siku 25, atafika mikono mitupu, maana mzigo wote ameula yeye. Kwa sababu hiyo kila askari mmoja mbele alihitaji wapagazi wengi nyuma, na wapagazi hao walihitaji wengine wa kuwalisha. Jeshi la Wadachi lilipokosa chakula lilikitwaa vijijini, na jeshi la Waingereza lililofuata nyuma likatwaa kilichobaki. Wapiganapo tembo nyasi huumia; na watu wa Ugogo, waliofikwa na njaa kuu ya Mtunya tangu 1917, wanalijua neno hilo kupita sisi.

Upande wa pili mambo yalikuwa hayo hayo. Mwezi wa Mei 1916 Jenerali Edward Northey aliingia nchi yetu kutoka Karonga na Fife kwa vikosi vinne, na kimoja cha vituo walivyovishambulia kilikuwa Igamba, ambayo wote mwaijua kuwa iko katika Mbozi. Yeye naye alipata nishani za mfalme wake, akaitwa Sir, na baada ya vita akawa Gavana wa nchi iitwayo sasa Kenya. Mizigo yake ililetwa kwa meli katika Ziwa Nyasa, na kwa mitumbwi katika mto Chambeshi, na baada ya hapo kwa vichwa vya watu walioitwa tenga-tenga. Walikuwa Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali, Wabemba, Wangonde na wengine wengi. Mpaka uliochorwa mwaka 1890 ulikuwa umewagawa ndugu wa nyumba moja, hata mtu akamchukulia mzigo Mdachi, na mtoto wa shangazi yake akamchukulia Mwingereza.

Inakadiriwa ya kuwa upande wa Waingereza peke yake uliandika watu karibu milioni moja kwa kazi ya upagazi katika vita vya Afrika Mashariki. Wataalamu huwahesabu waliokufa kuwa 95,000 hivi, wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wa upande wa Wadachi hatuna hata hesabu ya namna hiyo. Nishani zao ziko wapi? Watu wa Dar es Salaam hutaja nishani mojawapo kila siku bila kujua. Mtaa wa Kariakoo uliitwa hivyo kwa sababu wapagazi wa Waingereza, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, walipiga kambi mahali pale. Kikosi kizima kimebakiwa na jina moja tu, nalo ni jina la soko.

Tena kuna ile sanamu ya Askari, iliyowekwa katikati ya mji wa Dar es Salaam mwaka 1927. Chini yake pana maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Maandishi hayo huwasifu askari, huwasifu wapagazi kuwa ndio mikono na miguu ya jeshi, na husema ya kwamba mtu aipiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazuri. Lakini zunguka sanamu ile pande zote nne, hutaona jina hata moja la mtu. Wana watakumbuka jina gani?

Jambo hili halikuwa usahaulifu. Lilipita katika ofisi. Baada ya vita baadhi ya wakubwa wa Kiingereza waliandikiana barua ya kwamba Mwafrika hana desturi ya jiwe la kaburi, hataelewa maana yake, na kwamba kuyatunza makaburi ya wapagazi ni kupoteza fedha za serikali. Wengine wakakubali, na makaburi yakaachwa yarudi kuwa pori. Ilipita karibu karne moja. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kosa lake: ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na yawezekana hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na mwezi wa Januari 1925 ungeliweza kufanyika kwa urahisi jambo ambalo lilifanyika Januari 2025 kwa taabu: huko Cape Town uliwekwa ukumbusho wa majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika kazi za vita hivyo, kila mtu na jina lake. Jambo lile liliwezekana kwa sababu moja tu: majina yalipatikana katika karatasi.

Tutawapa mfano mwingine wa nguvu ya karatasi. Mwaka 1964, mwaka ule ule jenerali alipokufa, baraza la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliobaki malipo yao ya vita. Husimuliwa ya kuwa mtu wa benki alifika Mwanza na sanduku la fedha, na wazee kama 350 wakamwendea. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya nguo za kijeshi zilizochakaa. Wengine hawakuwa na kitu. Basi yule bwana akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na wazee wakaushika ufagio kama bunduki, wakafanya kila amri sawasawa. Wakalipwa. Watu husikia hadithi hiyo wakacheka. Sisi hatukucheka sana. Tulijiuliza, je, mpagazi angefanya nini? Angejitwika nini kichwani ili aaminiwe? Mzigo hauna gwaride.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, tunaomba ruhusa kusema neno lisilo tamu, tena juu yetu wenyewe. Katika ofisi moja ambamo tuliwahi kutumika kulikuwa na kazi ya kufyeka na kutengeneza barabara. Vibarua walikuwa 15. Orodha ya malipo ilipoletwa, iliandikwa jina la mtu mmoja, kisha maneno haya: na wenzake 14. Tuliipokea, tukaitia sahihi, fedha zikatoka. Hapana aliyeiba hata senti moja. Baada ya siku chache mmoja wa wale vibarua aliangukiwa na gogo, akavunjika mguu. Alipokuja kudai haki yake, tulifungua faili, na jina lake halimo. Alikuwa mmoja wa wenzake. Alisimama mbele ya dawati letu na fimbo yake, akasema, "Mabwana, mimi nilikuwapo." Nasi tulijua ya kuwa alikuwapo, maana tulimwona kwa macho yetu, walakini karatasi yetu wenyewe ilimkana. Ilichukua miezi mingi kupata mashahidi, na alichopata mwishoni kilikuwa kidogo. Kosa lile lilikuwa letu, wala hatuna wa kumsingizia.

Basi tangu siku hiyo, kila tusomapo habari za jenerali, twaona ya kuwa historia yote ya vita vile imeandikwa kwa mtindo wa orodha yetu: von Lettow-Vorbeck na wenzake, Northey na wenzake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaona ya kuwa watu nao huisha hivyo hivyo.

Wenzetu waliotutangulia walilijua jambo hili. Mwaka 1922, vita vikiwa vimekwisha miaka minne tu, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha kule Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika katika Tanganyika. Walikuwa wachache, nao walikuwa wamekwisha kuona katika vita ya kuwa mtu asiyejua kuandika huandikwa na mwingine, au haandikwi. Waliweka chumba cha kusomea, wakasaidiana. Sisi warithi wao tuna kalamu nyingi kuliko wao, na mashine za kila namna. Yatupasa kuuliza kama tuna bidii kama yao.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mashauri matatu, tukiomba yajadiliwe leo.

La kwanza. Mkoa wetu wa Songwe ni mchanga, umeanzishwa mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Twaomba kila mwanachama aliye katika Mbozi, Momba, Ileje, wilaya ya Songwe na hapa mjini, awaendee wazee wa mahali pake na kuuliza: katika ukoo huu nani alichukuliwa upagazi au uaskari katika vita vya Wadachi? Jina lake nani? Alitoka kijiji gani? Alirudi au hakurudi? Waliokwenda wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu waliosikia kwa masikio yao wangalipo, nao ni wazee sasa. Kila mwaka tukingoja, twafunga kitabu ambacho hakikufunguliwa. Hata jina moja bila habari nyingine liandikwe.

La pili. Ndugu zetu wa Nakonde na Mbala waombwe kufanya vivyo hivyo upande wao, kisha orodha ziunganishwe, maana watu hawa walikuwa wa nyumba moja kabla ya mpaka, na mauti haikuwauliza pasi. Penye Chambeshi pamewekwa ukumbusho wa mahali jenerali alipoacha vita. Si vibaya. Lakini iko siku twataka kuona, upande huu au ule, ubao wenye majina ya watu waliomchukulia mizigo hata akafika pale.

La tatu ni letu sisi kwa sisi, wala halihitaji fedha ya mtu. Tuache kuandika "na wenzake". Awe kibarua wa siku moja, awe mchukuzi wa mizigo mpakani, awe mama apikaye katika kambi ya kazi, jina lake liandikwe kamili, na herufi zake ziwe zile zile katika kila karatasi. Yule aitwaye Mwashambwa katika orodha ya leo asiwe Mwashamba katika orodha ya kesho, maana herufi moja yaweza kumnyima mjane mafao yake.

Ndugu, wengi wetu hatutapata nishani kifuani, wala hatuoni haya kwa jambo hilo. Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake, nasi husimama kimya pamoja na wengine. Siku hiyo ijayo tutakaposimama, na tuwe na daftari mkononi, hata kama lina majina kumi tu ya watu wa Unyiha na Unyamwanga. Tuyasome kwa sauti, moja moja. Jenerali alipata yake yote. Hana deni nasi wala sisi hatumdai nishani. Wanaotudai ni wale walioandikwa kuwa wenzake.

Bwana Katibu anayo karatasi tupu mezani. Mwenye jina la babu yake, na aje aliandike kabla hatujaondoka.